Kabla Hujafunga Mizigo Kuja Ifakara

Nimestaafu. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Sina mvi, sina pensheni, na wanafunzi wa chuo bado wananiita dada. Lakini mikono imekataa. Vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi kila nikishika kitana, na daktari aliyenipima aliniambia niache kusuka kwa sauti ileile ambayo angetumia kuniambia nipunguze chumvi. Hivyo kazi niliyoianza nikiwa bado chuoni, nikaifanya Sinza na kisha Ifakara, imeisha kabla sijafikia umri wa kuamkiwa na watu wenye ndevu. Kwa wasusi mimi ni mstaafu, na mstaafu ana ruhusa ya kuwasumbua vijana kwa maneno.

Maneno ninayo mengi, kwa sababu nina hasira.

Kila mara kuna mtu ananipigia simu: Dada Editha, Dar imenishinda, nije huko? Huko si maisha ni rahisi? Nikikata simu hiyo na kufungua mtandao namkuta mtu mzima mwenye suti, amekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi katikati ya jiji, anawahubiria vijana warudi mikoani. Ardhi ipo, anasema. Maisha ni nafuu, anasema. Tatizo lenu mnapenda taa za mjini. Namsikiliza mpaka mwisho nikisubiri aseme yeye anahama lini. Hasemi.

Chuoni nilisoma uchumi, na sijawahi kuutumia popote isipokuwa kwenye ugomvi. Niruhusuni niutumie na hapa. Ni kweli chumba Ifakara ni cha bei ndogo. Mchele ndio usiseme, utakula mchele mpaka uusahau ugali. Lakini kichwa cha rasta kilichonilaza na njaa kidogo Sinza, kichwa hichohicho Ifakara kilinilipa robo yake, na pakiti ya rasta yenyewe, kwa kuwa ilisafiri kutoka Kariakoo, niliinunua kwa bei kubwa kuliko ya Sinza. Kitu kikiwa rahisi mahali fulani, ulizeni nani amelipwa kidogo ili kiwe rahisi. Mara nyingi ni kila mtu unayepishana naye barabarani. Na ukishahamia huko, ni wewe.

Sisemi msihame. Mimi nilihama, na sijarudi. Ninachosema ni kwamba wanaowauzia safari hii hawajawahi kuipanda.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Sharifa, mwenye saluni Sinza, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyenipokea nikiwa mwaka wa pili na mkopo wa chuo umechelewa. Kichwa changu cha kwanza pale kilikuwa cha dada mmoja aliyekuwa anawahi msiba wa mjomba wake. Nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba naweza, nikamsuka mistari ya kurudi nyuma, midogo, imekaza kama ngozi ya ngoma. Nyusi zake zikapanda juu zikagoma kushuka. Huko msibani, alituambia baadaye, kila aliyekuja kumpa pole alimwona kama mtu aliyeletewa habari njema. Mama Sharifa hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kiti, akanisuka mistari hiyohiyo, kwa kukaza kulekule, akaniambia nikalale nayo. Tangu usiku huo nimewafundisha wasichana wote hivyo: kabla hujamkaza mtu, lala na kichwa chako.

Mama Sharifa ndiye aliyenionyesha jiji linavyofanya kazi. Mwenye jengo alipandisha kodi ya fremu na kutaka mwaka mzima mkononi, kabla hujatundika hata kioo. Mama Sharifa akahamia Mbezi. Mbezi ikachangamka, kodi ikapanda, akasogea Kibamba. Kila akisogea wateja wa zamani walimfuata mara mbili tatu kwa heshima, halafu wakachoka. Nilimkuta mara ya mwisho kwenye kibanda cha mabati pembeni ya barabara kuu, anafumua nywele za mtoto wa shule, vumbi la malori limejaa kwenye draya.

"Dar haikufukuzi siku moja, mwanangu," aliniambia. "Inakusogeza."

Nilipanga mizigo wiki hiyohiyo. Asili ya mama yangu ni Mlimba, na mdogo wake, mama mdogo Skola, analima mpunga na ana nyumba Ifakara, Viwanja Sitini. Wenzangu wa Sinza walisema nimeshindwa maisha. Walisema kwa huruma, na huruma hiyo iliniudhi kuliko tusi. Mtu anayelipa nusu ya jasho lake kwa mwenye nyumba ambaye hajawahi kumwona, anayeamka kabla ya jogoo ili awahi foleni, huyo ameshinda nini?

Ifakara nako hawakuniacha. Watu walitaka kujua kwa nini mtu atoke Dar, mahali ambako wao wanapeleka watoto wao. Wapo waliosema nimemkimbia mume. Wapo waliosema naumwa na nimesogea karibu na hospitali. Kwa kuwa nina tabia ya kuuliza maswali, wapo waliosema mimi ni mtafiti wa malaria nimejificha kwenye usukaji. Jirani mmoja alinitolea chandarua chake nje asubuhi, akanitandazia, akaniambia nihesabu matundu nimalize ili asiendelee kunisubiri.

Fremu niliipata kwa Baba Deo. Huyu ni mstaafu wa kweli, wa serikali, mwenye nyumba ya fremu kadhaa pale Viwanja Sitini na mashamba ya mpunga nje ya mji. Ni mtu wa kanisa, anasoma masomo kwenye misa, ana kikao kila siku ya wiki. Mkewe Mama Deo ndiye aliyekuja kuwa mteja wangu wa kwanza na mteja wangu mgumu, kwa sababu hajui kukaa bila kugeuza shingo. Baba Deo alinikubalia nilipe mwezi kwa mwezi, na miezi ya kilimo nikikwama nimalizie baada ya mavuno. Ndivyo bonde lote linavyoishi, na sikumwona amenifanyia hisani yoyote.

Nilifungua saluni mwezi wa pili. Nilikuwa nimepiga mahesabu yote niliyofundishwa: idadi ya kaya, njia wanayopita watu, saluni zilizopo. Nikapaka ukuta rangi ya waridi, nikabandika picha za mitindo, nikatoa punguzo. Hakuja mtu. Wiki ya kwanza nilisema hawajanijua. Wiki ya pili nilisema wanaogopa bei ya mtu wa Dar, nikapunguza tena. Wiki ya tatu nikaanza kuwasuka watoto wa jirani bure ili wapite mitaani na kichwa changu. Watoto wenyewe nao walikuwa wachache, na jambo hilo nililiona wala sikulifikiria.

Mama mdogo Skola alirudi mjini Jumapili moja kuja misa. Akasimama mlangoni, akatazama rangi ya waridi, akatazama viti vitupu, akakaa chini kwa kicheko.

"Mwanangu, umefungua saluni mji ukiwa shambani."

Bonde hili linahama. Mpunga ukishapandwa, nyumba nyingi za mjini zinabaki na bibi mmoja na kuku, wengine wanakwenda kuishi kwenye vibanda vya shambani mpaka mavuno. Kila anayeishi hapa anajua hivyo. Ni msomi tu kutoka Dar anayeweza kuhesabu kaya asiulize kaya ziko wapi. Wahubiri wa suti nao hawatawaambia. Kwao mkoani ni mahali ambapo watu wamekaa tu wakimsubiri kijana aje na mtaji.

Mama mdogo alinipakia kwenye baiskeli pamoja na kigoda changu na mfuko wa uzi, akanipeleka shambani. Huko nikajifunza usukaji upya. Mpunga ukianza kujaza punje, ndege wanashuka kwa makundi, na lazima mtu akae shambani kutwa nzima kuamia, yaani kuwafukuza. Mnajengewa dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na kutoka pale kamba zinakwenda pande zote za shamba zimefungwa makopo. Ndege wakishuka unavuta kamba na kupiga kelele. Wanaokaa pale wengi ni wanawake. Hebu fikirieni: mwanamke amekaa mahali pamoja tangu alfajiri hadi jioni, kwa wiki nyingi, na kichwa chake kipo. Msusi anataka nini kingine?

Lakini mteja wa dunguni hawezi kutulia, kwa sababu ndege hawatulii. Nilipinda mistari mingi sana kabla ya kupata ufumbuzi. Kamba ya makopo unaifunga kwenye mguu wa msusi. Mikono yangu inasuka, mguu wangu unavuta, mteja kazi yake ni kelele tu, na anatakiwa kupiga kelele bila kugeuza shingo. Rasta niliziacha, maana makapi ya mpunga yananasa humo na huyatoi mpaka Krismasi. Nikarudi kwenye uzi mweusi, kama bibi zetu. Wateja waliahidi kulipa baada ya mavuno, na walilipa. Wengine walilipa kwa mpunga wenyewe. Kwa misimu kadhaa niliishi hivyo: miezi ya shamba nazunguka madunguni, miezi ya harusi na kipaimara nafungua fremu tangu asubuhi na foleni inafika barabarani. Haikuwa rahisi. Ilikuwa inawezekana, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Halafu vidole vikafa ganzi, na lami ikafika.

Sina ugomvi na lami. Lakini kwa lami hiyo walikuja wenzangu wa Dar, na mmoja wao, kijana mcheshi tu, akafungua duka la simu fremu mbili kutoka kwangu. Baba Deo alipomtajia kodi, yule kijana akacheka, akasema hiyo ni bei ya bure, akalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Alidhani amefanya ujanja. Mwezi uliofuata fundi cherehani wa fremu ya katikati, mama aliyewashonea sare nusu ya watoto wa mtaa ule, aliambiwa alipe mwaka mzima kama mwenzake au apishe. Alipisha, na duka la simu likapanuka mpaka hapo. Sasa anashonea kibarazani kwake, na mvua ikinyesha anaifunika cherehani kwa turubai. Hapa hasira yangu inafika mwisho wake. Sisi tulikimbia bei, tukaja nayo mifukoni. Yule mama hajakimbia kutoka popote, kwao ni hapa. Yeye ahamie wapi palipo nafuu?

Katikati ya hayo Zawadi akanipigia simu.

Zawadi tulisuka naye kiti kwa kiti Sinza, mimi nikiwa dada na yeye akiwa anajifunza, na kwa mkono ananizidi. Ana binti, Nasra, wa darasa la kwanza. Mwenye nyumba wake wa Kimara alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi: kodi mpya, miezi sita mbele, au atoke.

"Dada, usinipe siasa," alisema. "Nije au nisije?"

Lakini mimi nilikuwa na maslahi. Baba Deo alikuwa ameshaniambia kwamba fremu isiyo na msusi haimfai, na kama sijapata mtu wa kukaa kwenye kile kiti, yupo mtu wa Dar anaihitaji kwa vinywaji. Nikimwambia Zawadi njoo, fremu yangu inapona, na wanawake niliowasuka miaka yote wanabaki na mtu. Nikimwambia usije, namwacha asogezwe kama Mama Sharifa. Nikamwambia ukweli wote huo. Nikamwambia asiniamini, aje aone mwenyewe, na asije wakati wa harusi tutakapomdanganya. Aje wakati wa ndege.

Akamwacha Nasra kwa dada yake, akapanda basi, akafika Ifakara amevaa viatu vyeupe.

Siku ya pili nilimpeleka shambani kwa Mama Deo. Msomaji atashangaa mke wa mwenye fremu anafanya nini dunguni. Mama Deo hamwamini kibarua yeyote na ndege. Analinda mwenyewe, na ana sauti ya kufaa. Nilimweleza Zawadi habari ya kufunga kamba mguuni, naye akadhani namtania kama tulivyokuwa tunawatania wageni Sinza. Akaanza kusuka kwa ustadi wake wote. Mama Deo akapiga kelele ya kwanza, kichwa kikaruka.

"Mama, naomba utulie," Zawadi akamwambia kwa adabu. "Mstari unapinda."

Mama Deo, ambaye maishani mwake sijamwona akitii mtu, akatulia. Nadhani alishangaa tu. Alitulia mstari wa kwanza wote na nusu ya pili, na mimi niliyekuwa naongea na simu pembezoni mwa shamba niligeuka nikaona upande wa mashariki umekuwa mweusi. Ndege walikuwa wameshuka kana kwamba wamealikwa. Mama Deo akaruka kutoka dunguni na kitana kikining'inia kichwani, anakimbia kwenye tope, anapiga mayowe, na shamba la pili wakamsikia na kupokea. Aliporudi alikuwa amelowa hadi magotini.

"Wewe binti," alimwambia Zawadi akihema, "huko kwenu watu wakisukwa hawana kazi nyingine?"

Zawadi alitazama mpunga uliolala.

"Nifumue hizi. Urudi Jumamosi. Na hiyo kamba uivae."

Jioni hiyo Zawadi hakula. Niliona anajiuliza kama amekuja kuharibu chakula cha watu. Nikamwambia kosa hilo hawezi kulifanya mtu wa hapa hata akijaribu, na kwamba mimi nililifanya kwa namna yangu kwa rangi ya waridi. Akacheka kidogo. Kesho yake akaomba kigoda, akaenda kwa mama mdogo Skola, akafunga kamba mguuni, akasuka kichwa kizima. Alirudi mguu umevimba na uso umekunjuka.

Ijumaa, mimi, Zawadi na mama mdogo Skola tukamwita Baba Deo fremuni. Alikuja na kofia yake, akapokea shikamoo zetu, akauliza habari za safari, akauliza habari za Dar, akamsikiliza Zawadi anavyoongea, na niliona kabisa pale masikio yake yalipoanza kupiga hesabu. Akataja kodi. Haikuwa ile yangu. Akasema na mwaka mzima mbele, ndivyo inavyokwenda siku hizi.

Zawadi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, bei hii naijua," alisema. "Nimeikimbia Kimara. Sikujua kwamba imenitangulia huku, imevaa kandambili."

Mama mdogo Skola akakohoa kuficha kicheko. Baba Deo hakucheka.

"Samahani baba, nikuulize. Vibarua wanaokulimia mpunga unawalipa lini?"

"Baada ya mavuno. Hapa kila mtu analipwa baada ya mavuno."

"Na wateja wangu watanilipa lini?"

"Baada ya mavuno, nadhani."

"Basi na mimi nikulipe baada ya mavuno. Kama dada Editha alivyokuwa anakulipa."

"Dada Editha ni mtoto wa hapa, mama yake namjua. Wewe ni mtu wa Dar. Watu wa Dar mnazo."

Hapo niliingilia, na sikuingilia kwa upole. Nilimuuliza kama Zawadi anazo, amekuja kutafuta nini kwenye fremu yenye mlango mmoja. Nilimuuliza fundi cherehani yeye alikuwa wa wapi. Baba Deo akavaa kofia yake, akasema hakuja kujibishana na watoto wake, akaondoka na heshima yake yote. Asubuhi ya Jumamosi tulikuta kufuli jipya mlangoni. Ndani kulikuwa na viti vyangu, kioo changu, draya yangu na mifuko ya Zawadi, maana alikuwa ameshaanza kupanga vitu.

Nyinyi mnaoniuliza nije au nisije, natamani mngekuwepo asubuhi ile mbele ya lile kufuli. Nilitukana kwa Kiswahili nikaongezea Kindamba cha mama yangu. Nilitaka kwenda serikali ya mtaa, nilitaka kwenda kwa paroko. Zawadi alifungua simu yake, akatazama ratiba ya basi la kurudi Dar, akaiweka mfukoni, akachukua kigoda kilichokuwa kibarazani.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Nina mteja. Aliniambia nirudi Jumamosi."

Nilimfuata. Mama Deo alikuwa dunguni peke yake, habari za kufuli hazijamfikia. Baba Deo hakumwambia. Zawadi akafunga kamba mguuni, akaanza kusuka, anavuta na kusuka, makopo yanalia, Mama Deo anapiga kelele shingo imenyooka kama mshumaa. Wala Zawadi hakuwa na nia ya kusema lolote. Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu sijui kunyamaza. Nilimweleza yote, tangu kodi mpaka kufuli.

Mama Deo hakugeuka. Aliendelea kufukuza ndege, lakini kelele zake zikabadilika, nikawaonea huruma wale ndege. Zawadi alikuwa amemaliza upande wa kushoto, mistari midogo, imelala vizuri, haijakaza. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama zote kama zilivyotoka usingizini.

"Hapo acha," akasema Mama Deo.

"Mama, bado upande mzima."

"Nimekwambia acha. Huo mwingine utanisukia ndani ya fremu."

"Mama, kesho Jumapili."

"Najua kesho ni nini. Kesho mume wangu anasoma somo la kwanza, na mimi huwa nakaa benchi la mbele." Akanyoosha mkono apewe maji. "Mimi ndiye ninayemlindia huu mpunga. Yeye anakwenda mjini kufungia watu milango."

Nilimpa khanga yangu ajifunike kichwa njiani. Akaikataa. Akamwita mama mdogo Skola kutoka shamba la jirani, akamwachia kamba za shamba lake, akapanda bodaboda, akaamuru wapite sokoni, na wapite polepole. Sisi tulifuata nyuma kwa bodaboda nyingine. Nimeona mambo mengi Ifakara, lakini sijaona mtu akisalimiwa kama alivyosalimiwa Mama Deo siku ile, nusu ya kichwa mwanamke wa harusini, nusu nyingine mtu aliyekurupushwa na moto. Kila aliyemuuliza amepatwa na nini alijibiwa kwa sauti ileile ya dunguni: fremu imefungwa, mwulizeni Baba Deo. Tulipofika Viwanja Sitini wanawake wengine walikuwa wameshaanza kutembea kwa miguu nyuma yetu, yule fundi cherehani akiwemo, na futi yake ikining'inia shingoni.

Jua lilikuwa halijazama Baba Deo alipotokea. Mtu alikuwa ameshampigia simu, au watu wengi. Alimtazama mkewe aliyekaa kibarazani kwenye kigoda cha Zawadi, akazunguka upande wa kushoto, akarudi upande wa kulia. Hakuna aliyecheka, na hilo nadhani lilimuumiza zaidi.

"Mama Deo, twende nyumbani."

"Sijamaliza kusukwa."

Alitoa ufunguo. Akafungua kufuli, akalitia mfukoni, akasimama bila kumtazama yeyote.

"Baada ya mavuno," alisema. "Kodi ya zamani."

"Na fundi cherehani?" akauliza mkewe.

Fundi mwenyewe alikuwa amesimama palepale, wala hakuinamisha macho.

"Nitazungumza na yule wa simu," Baba Deo akasema, akaondoka. Hayo ya fundi bado tunayafuatilia, na sitaacha kuyafuatilia.

Tulimwingiza Mama Deo ndani, tukawasha taa. Mimi kwa mkono wa kushoto nilikuwa napasua nywele mafungu, Zawadi anasuka. Simu yake ikaita. Ilikuwa dada yake kutoka Kimara, mwenye nyumba amepita tena anataka jibu. Zawadi aliibana simu kati ya bega na sikio, mikono haikusimama.

"Mwambie chumba chake nakiacha," alisema. "Mtafutie Nasra barua ya uhamisho." Akasikiliza. Nilisikia sauti ya dada yake ikiuliza kwa mbali kama kweli huko maisha ni rahisi kama wanavyosema.

"Nani amekwambia rahisi?" Zawadi akamjibu. "Nitakupigia baadaye. Kuna kichwa cha mtu hapa hakijaisha."